Perege Katika Bustani Isiyo na Udongo: Kumbukumbu ya Mradi Wangu

Bustani yangu ya haidroponiki, iliyoko uani hapa Dar es Salaam, ilikuwa ikiendeshwa kwa mabomba ya PVC yaliyotobolewa, pampu ndogo na maji yenye mbolea. Mchicha na saladi vilistawi, lakini kila mara maji yalipopungukiwa virutubisho ilinibidi kuyamwaga na kununua mbolea upya. Ndiyo sababu nikaamua kuunganisha tangi la perege la lita 500, ili kinyesi cha samaki kishike nafasi ya mbolea ya dukani.

Jambo lililonifikirisha zaidi ni kokoto. Mabomba matupu hayana nafasi ya kutosha kwa bakteria wanaosafisha maji, kwa hiyo nilijenga kitanda cha kokoto cha mita moja ya mraba, chenye kina cha sentimita 30. Huku pwani kokoto za bei nafuu ni za matumbawe, nazo kwa asili ni chokaa: ukizidondoshea siki hutoa povu, na zikikaa majini hupandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (kikipanda, maji huwa na uchachu mdogo). Jambo hilo si dogo hata kidogo, kwa kuwa katika maji ya nyuzi 28 sehemu ya amonia (taka inayotolewa na samaki) iliyo sumu kwao huwa karibu mara kumi zaidi pH ikiwa 8 kuliko ikiwa 7, na mimea nayo hushindwa kufyonza madini ya chuma. Nilichukua kokoto za mawe magumu kutoka Lugoba, ingawa ni ghali zaidi, baada ya kuona kwamba siki haizifanyi chochote.

Mabomba yalisuuzwa hadi mabaki ya mbolea yakaisha, na maji ya bomba yakaachwa wazi ili klorini itoke. Niliingiza vifaranga wachache na kuwalisha kidogo sana huku nikipima maji. Amonia ilipanda kwanza, ikafuatwa na nitriti, kisha zote mbili zikashuka na nitrati, ambayo ndiyo chakula cha mimea, ikaanza kuonekana. Kazi hiyo ya kugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, hufanywa na bakteria wa makundi mawili wanaopokezana, Nitrosomonas na Nitrospira, na huchukua wiki kadhaa hata katika joto letu. Anayejaza tangi samaki siku ya kwanza anawaua bure.

Wengi huuliza idadi ya samaki, ilhali kwa maoni yangu kinachostahili kupimwa ni chakula. Mwongozo wa mwaka 2014 wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, unapendekeza gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani, nami napandisha kiwango polepole kuelekea hapo kadiri perege wanavyokua. Faida ya ziada ni kwamba viluwiluwi vya mbu havionekani tena tangini.

Kwa sasa mchicha unavunwa, lakini majani machanga ya sukumawiki yana umanjano katikati ya mishipa iliyobaki kijani, dalili ya upungufu wa chuma, ambacho chakula cha samaki hakikitoi kwa kutosha. Nimeanza kuongeza chuma cha kelate, yaani kilichoandaliwa kiwe rahisi kwa mimea kukifyonza, kwa vipimo vidogo. Kinachofuata ni pampu ya hewa inayotumia betri, kwa sababu umeme ukikatika usiku samaki huishiwa oksijeni mapema kuliko mboga zinavyonyauka.