Siku ya Fundi Mezani: Kadi ya TV Isipopatana na Ubao Mama

Saa 2:00 asubuhi. Kompyuta ya kwanza imeletwa na karatasi iliyoandikwa kwamba kadi ya TV ni mbovu. Ni kadi ya PCI (njia ya zamani ya kuunganisha kadi na ubao mama) yenye chipu ya Bt878, iliyohamishwa kutoka kompyuta ya zamani kwenda ubao mama mpya zaidi, na tangu hapo picha huganda baada ya muda mfupi. Sikubali kuihukumu kabla ya kuijaribu kwenye ubao wa zamani ninaoutunza kwa kazi hiyo. Huko picha inatiririka bila kukwama; kwa hiyo kadi ni nzima.

Saa 3:30. Wengi hudhani kwamba njia ya PCI haiwezi kuubeba mzigo wa video. Hesabu inawakanusha: picha ya PAL (mfumo wa televisheni ya analojia) ya pikseli 720 kwa 576, baiti 2 kwa kila pikseli, fremu 25 kwa sekunde, ni takribani megabaiti 20.7 kwa sekunde, ilhali PCI ya kawaida ina kikomo cha kinadharia cha megabaiti 133. Kinachoweza kuleta shida ni kuchelewa. Kadi hizi zina hifadhi ndogo sana ya ndani, na njia ikishikwa na kifaa kingine kwa muda mrefu, data hupotea.

Saa 5:00. Ninasoma kumbukumbu za mfumo wa Linux, na jibu limo humo: laini ya IRQ ya kadi, yaani ishara ambayo kadi huitumia kuiomba prosesa iihudumie, ilizimwa na mfumo wakati uleule picha ilipoganda. Chipuseti (chipu kuu za ubao mama) za siku hizi hazina tena PCI ndani yake, hivyo watengenezaji huweka chipu ya daraja inayounganisha PCI na PCIe, mrithi wake. Daraja la ubao huu ni ASM1083, linalojulikana kwa kuiacha laini ya IRQ ikiwa imewaka hata baada ya kadi kuhudumiwa, mpaka kerneli, kiini cha Linux, ichoke na kuifunga. Chaguo la kerneli liitwalo irqpoll, linaloifanya ikague vifaa yenyewe, hupunguza tatizo kwa kuichosha prosesa, nami silipendekezi kwa matumizi ya kila siku.

Saa 7:00 mchana. Mwenye kompyuta anaeleza kwamba anataka kuhamisha kanda za video za familia yake. Hilo linabadilisha ushauri wangu. Kadi hii ya analojia haipokei matangazo ya dijitali, lakini kwa kanda bado inafaa kabisa, na kanda huzidi kuchakaa kila mwaka. Namshauri airudishe kadi kwenye kompyuta yake ya zamani kwa kazi hiyo.

Saa 9:00 alasiri. Kompyuta ya pili ina prosesa ya Ryzen na kadi ya PCIe yenye chipu ya CX23885, ambayo haionekani kabisa. Kijitabu cha ubao kinasema kwamba sloti hiyo huzimwa diski ya M.2 (diski ndogo inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama) inapowekwa katika nafasi ya pili. Nahamishia kadi kwenye sloti nyingine, inaonekana. Kisha linajitokeza kosa la DMA (kadi kupeleka data kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa) ambalo draiva ya Linux ina tiba yake, dma_reset_workaround. Ninaiweka thamani ya 2 ili ilazimishwe kufanya kazi.

Saa 11:00 jioni. Kurekodi kwa majaribio kumekamilika bila fremu kukatika. Ninabandika karatasi ndani ya kasha, inayoonyesha sloti isiyopaswa kutumiwa na mpangilio wa draiva, kwa ajili ya fundi atakayelifungua baada yangu.