Mbalamwezi na namba 41

Jana mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo Mjomba alikuwa nyumbani. Wavuvi wa dagaa huku Igombe, kando ya Ziwa Victoria, hawatoki mbalamwezi ikiwaka. Alikaa kibarazani akishona nyavu, mimi nikimfundisha mtoto wa kaka yangu hesabu.

Nilimpa mchezo unaotokana na mwanahisabati Leonhard Euler, wa mwaka 1772. Chukua namba, izidishe kwa yenyewe, jumlisha namba hiyohiyo, kisha ongeza 41. Akaanza na sifuri: 41. Moja: 43. Mbili: 47. Tatu: 53. Zote tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Alipofika kumi akaweka kalamu chini. "Shangazi, hii haikosei."

Nikamwambia aendelee. Alinuna, lakini aliendelea, kurasa mbili zikajaa. Kuanzia 0 hadi 39, mara 40 mfululizo, tasa tupu. Kwenye 40 ikatoka 1681. Akahangaika nayo: 3 haiingii, 7 haiingii, mpaka nikamnong'oneza ajaribu 41. Ni 41 mara 41. Akaniangalia kana kwamba nimemwibia.

"Sasa utajuaje kama kitu ni cha siku zote?"

Nikamweleza jinsi Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alivyoonyesha kwamba namba tasa haziishi: tuseme umezimaliza namba tasa zote duniani. Zizidishe zote, ongeza moja. Jibu ukiligawa kwa yoyote kati ya hizo, inabaki moja. Basi kuna tasa uliyoisahau. Hakuhesabu hata kurasa mbili, huyo.

Mjomba akacheka. Nikamchokoza naye: "Mjomba, mbona mwaka juzi mlitoka mwezi mpevu hivihivi, mkarudi mtumbwi umejaa?"

"Kulikuwa na wingu zito," akasema, wala hakuinua macho kwenye nyavu.

Nimelala na jibu hilo. 1681 peke yake iliua "haikosei" ya mtoto, na zile 40 zote hazikuweza kumtetea. Usiku ule wa mwaka juzi haukuua kanuni ya Mjomba. Ulimfundisha kwamba tatizo si mwezi, ni mwanga: ziwa likiwa giza, dagaa wanafuata taa, likiwa linang'aa lote, taa yako ni ya nini? Ila sijawahi kumsikia akisema "siku zote". Ni "mara nyingi", hata akiwa na hakika kiasi cha kuwekea nyumba dau.

Asubuhi nimekuta daftari mezani. Ameendelea mwenyewe. 41: 1763, imekatwa kwa hasira. 42: 1847, ambayo ni tasa. Ameizungushia duara, pembeni ameweka alama ya kuuliza.