Desibeli kwanza, vifupisho baadaye

Wengi wanaojiandaa na mtihani wa cheti cha mitandao ya simu, iwe HCIA ya Huawei au cheti cha 5G cha Nokia, huanza kwa kukariri vifupisho: eNodeB, gNodeB, AMF, UPF (majina ya vifaa na sehemu za mtandao), kurasa kwa kurasa. Vinahitajika, sikatai, ila vinaweza kusubiri. Kinachoangusha watu ni desibeli (dB), kipimo cha kulinganisha nguvu za mawimbi, na desibeli haikaririwi. Huzoeleka kwa kupiga hesabu kila siku, kwa kalamu.

Msingi ni mdogo. 0 dBm ni miliwati 1. Ongeza 3 dB, nguvu inakuwa maradufu. Ongeza 10 dB, inakuwa mara kumi. Kwa hiyo kwa 43 dBm huna haja ya kikokotoo: 40 dBm ni wati 10, ongeza 3, unapata wati 20. Simu ya kawaida ya LTE, yaani 4G, hurusha mpaka 23 dBm, yaani miliwati 200. Kati yake na mnara wa 43 dBm kuna tofauti ya mara mia, na ndiyo maana pembezoni mwa seli, yaani eneo linalohudumiwa na mnara, simu inaweza kuusikia mnara vizuri huku mnara hauisikii simu. Na tafadhali, dBm na dBm hazijumlishwi hivihivi. Mitambo miwili, kila mmoja wa 43 dBm, kwa pamoja hutoa 46 dBm, si 86.

Sasa mtego wenyewe. Mnara wa LTE una 43 dBm, upana wa bendi ni 20 MHz, kebo inakula 2 dB, antena inaongeza 17 dBi (desibeli za antena, zinajumlishwa kama dB), na njiani mawimbi yanapoteza 130 dB. RSRP, yaani nguvu ya ishara ya rejea inayopokelewa kwenye simu, ni ngapi? Mtahiniwa anaandika 43 − 2 + 17 − 130, anapata −72 dBm. Jibu hilo si sahihi, ingawa kila tarakimu imetoka kwenye swali.

RSRP ni nguvu ya sabkeria moja, yaani kijimkondo kimoja chembamba cha masafa, si ya bendi nzima. Bendi ya 20 MHz imegawanywa katika mafungu yaitwayo bloku, nayo ni 100, kila bloku ina sabkeria 12, jumla 1,200. Zile wati 20 zinagawanywa humo, na kugawa kwa 1,200 ni kupunguza takriban 31 dB. Kila sabkeria inabaki na 12 dBm. Rudia hesabu: 12 − 2 + 17 − 130 = −103 dBm. Kutoka mawimbi mazuri mno hadi mawimbi dhaifu, kwa kosa la hatua moja! Kwenye 5G ya 100 MHz yenye nafasi ya 30 kHz kati ya sabkeria, bloku ni 273, kwa hiyo unapunguza 35 dB.

Hesabu ya kasi nayo ipige mwenyewe. Sabkeria 1,200, mara simboli 14 kwa kila milisekunde, mara biti 6 ambazo kila simboli hubeba kwa mtindo wa 64QAM: ni biti 100,800 kwa milisekunde, karibu Mb/s 100. Kwa antena mbili ni 200. Toa kama robo kwa ajili ya ishara za rejea na udhibiti, unaifikia ile 150 ya simu za daraja la 4 la LTE (Cat 4). Ukishaijenga hivyo, huisahau.

Maswali ya hitilafu ni mepesi kwa aliyewahi kushika konekta. VSWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na kebo au antena, ikiwa 1.5 maana yake asilimia 4 ya nguvu inarudi ilikotoka. Ikipanda ghafla, tafuta konekta isiyokazwa sawasawa, maji yaliyopenya chini ya utepe wa kuzibia konekta, au kebo iliyokunjwa mno.

RSRP nzuri na kasi mbovu ni jambo jingine: angalia SINR, yaani uwiano wa ishara yako na mwingiliano pamoja na kelele. Seli za jirani zinaingiliana, na kuongeza nguvu kunahamishia tatizo kwa jirani. Mara nyingi dawa ni kuinamisha antena. Simu nyingi za Android huonyesha RSRP ukipiga *#*#4636#*#*. Kwa SINR pakua programu ya kupima mtandao. Toka nje, kisha ingia nyuma ya ukuta mnene. RSRP itashuka. SINR mara nyingine haisogei sana, kwa sababu ukuta uleule umezuia na mawimbi ya majirani.