Ukuta wa magharibi nilivyoufunga sponji

Nakaa Kimara, nyumba ya tofali za inchi 6, chumba tunacholala kinaangalia magharibi na ule ukuta wa nje niliupaka rangi ya damu ya mzee kwa ushamba wangu mwenyewe. Sasa ikifika Januari Februari jua linaupiga kuanzia saa 8 mpaka linazama, halafu usiku ndo unaanza kuutema ule moto ndani. Saa 4 usiku unaweka kiganja nyuma ya kitanda unakuta pamoto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, feni namba 5 inapuliza joto tu, mtoto kashahamia sakafuni.

Mi nikajua ni bati. Nikapiga siling ya jipsam, hela ikaenda, joto liko palepale. Jirani yangu mmoja anafunga kold rumu za samaki ndo akaniambia braza, hilo linaingilia ubavuni, funga sponji ya kuzuia joto kwa nje, maana ukifunga ndani tofali linaendelea kuiva na chumba chenyewe kinapungua.

Bas sponji yenyewe nikanunua zile shiti nyeupe ngumu kama za kufungia TV, unene inchi 2, fundi akabandika kwa gundi ya tailizi na misumari yenye washa pana, juu wavu wa kuku na lipu. Hapo ndo nikapigwa. Jamaa alikoroga simenti nyingi mchanga kiduchu, akapiga lipu nene siku moja na jua likiwaka, wiki 2 hazijaisha nyufa zimefuata maungio ya shiti kama ramani. Tukabomoa. Safari hii shiti zikapishana kama tofali, wavu ukalaliana kiganja kizima, lipu nyembamba mara 2, na kumwagilia nikamwagilia mwenyewe asubuhi na jioni siku 7. Chini tukaacha kama futi moja bila sponji, maji ya mvua yanarukia pale na sisimizi wakiipata wanatoboa wanahamia kabisa. Jiko la mkaa nalo likahamia upande wa pili, hiyo kitu ikishika moto haina subira.

Juu nikapaka nyeupe. Mama watoto alitaka damu ya mzee irudi, nikamwambia hapana mama.

Sasa hivi usiku ukuta naugusa uko sawa na kuta zingine, feni namba 2. Kimebaki kidirisha cha upande huohuo, saa 10 jua linaingia mpaka kwenye mto, nimening'iniza kanga kwanza.