Akataka Taa Ziletwe

Somo: Matendo 16:22-34

Bwana asifiwe, wapendwa.

Siku moja katika huduma ya magereza, kijana mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba askari amempiga. Akapandisha shati nione mgongo. Mimi nikamuuliza, "Kwani uliingia humu kwa kosa gani?" Akashusha shati, akaanza kuzungumzia ibada. Swali lile linanichoma hadi leo.

Mlinzi wa gereza kule Filipi hakuuliza hivyo. Paulo na Sila walikuwa wamechapwa bakora hadharani bila kuhukumiwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafunga miguu kwa mkatale. Usiku ule ule akataka taa ziletwe, akawaosha mapigo yao. Huwezi kuosha jeraha usilolitazama. Kosa lililomfikisha mtu gerezani halisemi lolote kuhusu yaliyompata humo ndani. Mwizi naye huvunjwa mbavu, na akisema zinamuuma anaweza kuwa anasema kweli tupu.

Basi tuamini kila neno? La. Wako askari wanaosingiziwa, nao wana watoto wanaobeba jina hilo. Torati inataka mashahidi wawili au watatu, na waamuzi waulize kwa bidii (Kumb. 19:15-18). Bidii hiyo ni daktari ampime mfungwa mapema, maana alama hufifia. Daftari la zamu lifunguliwe. Wenzake wa chumba wahojiwe mmoja mmoja, anayetuhumiwa akiwa mbali. Na akichanganya siku au saa, tusikimbilie kumwita mwongo. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso, inaeleza kuwa mateso yenyewe huweza kuvuruga kumbukumbu.

Tena, akishalalamika, usiku huo analala wapi? Chini ya funguo za yule yule aliyemtaja. Ndiyo maana Kanuni za Mandela, kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa mwaka 2015, zinataka mlalamikaji alindwe asilipiziwe kisasi. Mfungwa akikana Jumatatu aliyoyasema Ijumaa, ulizeni kwanza nani alikuwa naye Jumamosi na Jumapili.

"Wakumbukeni hao waliofungwa, kana kwamba mmefungwa pamoja nao" (Ebr. 13:3). Wiki hii, kila mmoja amtaje mfungwa mmoja katika maombi, pamoja na askari anayemlinda. Mimi namtaja kijana yule. Niliporudi kumsikiliza, alikuwa ameshahamishwa.