Siku moja maishani mwangu: lita 100 za bia kwa vyombo vya jiko la hoteli

Saa 11 alfajiri. Nawasha birika. Ni lile kubwa la kuchemshia chai ya watu wengi, lenye koki chini na hita ya kilowati 3. Kazi yake leo ni kupasha lita 70 za maji hadi nyuzi joto 73, na kwa hita hiyo ni saa moja na nusu hivi. Anayepika lita 20 anaweza kuendelea kulala. Kwenye lita 100 kila kitu ni kizito, joto linaingia polepole na kutoka polepole zaidi. Ndiyo maana navipenda vyombo hivi kuukuu vya jiko la hoteli: vimetengenezwa kupikia mamia ya watu kila siku bila kuchoka. Kupika vinajua. Kupoza havijui, na hilo ndilo linalonipa kazi mchana.

Saa 12 asubuhi. Maji yakiendelea kupata moto, nashughulikia sufuria la kuchemshia. Ni la lita 150, la kuta mbili. Mvuke unazunguka katikati ya kuta, moto haugusi kitako, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Koki yake ni pana kwa sababu ilikusudiwa kupitisha supu yenye vipande. Nyuma ya mpira wa koki kama hiyo mafuta ya miaka hujificha, na mafuta ni adui wa bia: hata kidogo tu, povu halikai kwenye glasi. Mipira yote ya zamani niliitupa, nikaweka ya silikoni. Hata hivyo kila siku ya kupika naifungua koki vipande vipande, nasugua, kisha napitisha kidole ndani. Kikiteleza, narudia. Kikikwama pakavu, nafunga.

Halafu geji ya kupimia shinikizo na valvu ya usalama. Hapa sina mchezo. Mvuke usio na shinikizo una nyuzi 100, na hauwezi kuchemsha kwa nguvu kitu kinachotaka kufika nyuzi 100 hizo hizo. Shinikizo likipanda baa 1 juu ya lile la hewa, mvuke hufika nyuzi 120, na hizo 20 za ziada ndizo zinazochemsha. Maana yake ni kwamba sufuria hili ni boila ndogo. Ukienda kununua la zamani, usianze na mng'aro wake, anza na valvu. Kama haifanyi kazi, usiwashe mpaka fundi wa boila aipitie. Na yale masinia ya kuwekea chakula juu ya maji ya moto ili kisipoe hayafai kuchemshia bia, hata yauzwe kwa bei ya bure.

Saa 1 asubuhi. Kilo 23 za kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kilichoparazwa tu bila kuwa unga, zinaingia kwenye sufuria la supu la lita 100. Chini nimeweka trei ya matundu ya kupikia kwa mvuke. Fundi wa kuchomelea aliikata ikakaa sawasawa na kitako, na sasa ni chujio. Maji ya nyuzi 73 yakikutana na kimea cha baridi, vyote vinatulia kwenye 66. Nakoroga kwa mwiko mrefu mpaka madonge yaishe. Sufuria la stenlesi ni jembamba na hupoteza joto upesi, hivyo nalivika blanketi nene na kuliacha saa nzima, vimeng'enya vya kimea vigeuze wanga kuwa sukari.

Saa 2. Nachota kijiko cha maji ya juu, namimina kwenye kisahani cheupe, nadondoshea iodini. Ikigeuka bluu iliyokoza, karibu na nyeusi, wanga bado upo. Leo imebaki na rangi yake ya kahawia. Nafungua koki, kidogo sana. Maji ya kwanza yana vumbi la kimea. Nayarudisha juu taratibu mpaka yaanze kutoka safi, kisha nasuuza machicha kwa maji ya nyuzi 76.

Vyombo vimepangwa kwa ngazi: birika juu, kimea katikati, sufuria la kuchemshia chini. Kila kitu kinashuka chenyewe. Lita 100 za moto ni zaidi ya kilo 100 za kitu kinachobabua ngozi, na hazinyanyuliwi na mtu yeyote, awe na misuli ya aina gani.

Saa 4. Linachemka. Dakika za mwanzo nasimama hapo hapo, maana povu hupanda ghafla. Hopsi, yaani maua ya mmea yanayoipa bia uchungu na harufu, zinaingia kwa zamu: za uchungu mapema, za harufu mwishoni. Kifuniko kinabaki wazi, kwa kuwa kuna harufu ya mboga zilizochemshwa ambayo lazima iondoke na mvuke. Feni ya kutolea mvuke nayo ilitoka jiko hilo hilo.

Saa 6 mchana. Sasa kupoza. Watu hudhani friji kubwa la hoteli litamaliza kazi hii. Halitamaliza: limetengenezwa kutunza ubaridi wa kitu ambacho tayari ni baridi. Ukiliwekea lita 100 za moto, litahangaika usiku kucha huku bakteria wakijipatia makao.

Natumia koili ya shaba, yaani bomba lililoviringishwa, iliyozamishwa ndani ya bia. Kwanza maji ya bomba yanapita ndani yake mpaka bia ifike nyuzi 40. Yale yanayotoka mwanzoni ni moto kabisa, nayo ndiyo ninayooshea vyombo. Masufuria ya stenlesi sisugui kwa dawa za klorini, zinayatoboa vitundu. Na ya alumini hayaguswi na soda kostiki, kwa sababu huliwa na kutoa haidrojeni. Kutoka 40 hadi 20 kazi ni ya sinki la vyumba vitatu: pampu inazungusha maji ya barafu kutoka humo kupitia koili. Joto la kuondoa hapo ni karibu sawa na linalonyonywa na kilo 25 za barafu zikiyeyuka. Ndiyo maana barafu naiandaa tangu jana.

Na kuanzia hapa hakuna kikuukuu kinachogusa bia. Kabla ya kuchemka, mkwaruzo kwenye sufuria hauna neno. Baada ya kupoa, kila mpira wa bomba ni mpya au wa kazi hii peke yake, na umepitishwa dawa ya kuua vijidudu.

Saa 8. Mapipa mawili, hamira ndani, kisha kwenye friji la kuonyeshea soda lililotolewa rafu. Chini nimeweka ubao mnene wa kubeba uzito. Themostati yake haikukusudiwa nyuzi 19, kwa hiyo umeme unapita kwenye kidhibiti cha nje, kilichowekwa kungoja dakika kadhaa kabla ya kuwasha tena ili kompresa isife. Kihisi chake cha joto nakibandika ubavuni mwa pipa na kukifunika kwa sponji, kwa sababu bia nyingi ikichacha hujipasha yenyewe, na hewa ya friji haitakuambia hilo.

Dirisha la chumba naliacha wazi. Siku zijazo lita hizi 100 zitatoa kama lita 2,000 za hewa ukaa, na sitaki ijae chumbani.