Ujasiriamali usiishie kwenye madesa

Mdogo wangu yupo mwaka wa pili chuo kimojawapo hapa Mwanza, juzi nikapitia madesa yake (notsi za darasani) ya ujasiriamali nikabaki nacheka tu. Sifa za mjasiriamali, aina za wajasiriamali, elezea kwa mifano. Yaani mtu anakariri kwamba mjasiriamali ni mthubutu, anaandika kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semista, anapata A, anasahau. Mtaani nako ukisikia semina ya ujasiriamali ujue ni sabuni ya maji na batiki, sasa mnunuzi atakuwa nani wakati mtaa mzima umefundishwa sabuni hiyo hiyo?

Mimi naona shida ni kuliweka pembeni kama somo la peke yake, wote mmejazana ukumbini, wa sheria, wa ualimu, wa hesabu. Lingeingia ndani ya kila somo. Sisemi kila lekchara aanze kufundisha faida na hasara, nasema ule ujuzi anaoufundisha uwe na mtu wa kumsaidia huko nje, na mwanafunzi amtafute huyo mtu kabla hajamaliza chuo. Umoja wa Ulaya mwaka 2016 walitoa mwongozo wao unaitwa EntreComp, una stadi 15, na kilichonifurahisha ni kwamba wanachotaka ni ugeuze wazo liwe na thamani kwa wengine, na thamani sio hela tu, hata ya kijamii au ya kiutamaduni imo. Na kabla mtu hajasema tunaiga wazungu, Nyerere alishalianzisha 1967 na Elimu ya Kujitegemea, ila wengi tumebaki kukumbuka jembe tu.

Chukua dagaa. Nenda mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, utakuta wameanikwa juu ya mchanga, jua likiwaka poa, mvua ikinyesha wanaoza au wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Hapo kuna kazi ya chuo kizima jamani! Wa uvuvi pale Nyegezi anajua chanja iliyoinuliwa inakausha bila mchanga, ila wa uhasibu ndio akae na mama mmoja wapige hesabu mirunda na nyavu vitarudisha hela baada ya magunia mangapi, wa takwimu afuatilie bei pale Mwaloni Kirumba masika na kiangazi, wa sheria ayaweke kwenye karatasi yale makubaliano ya mdomo ya mama na mwenye mtumbwi, mvua ikinyesha hasara ya nani.

Wa historia je? Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alilifikia Ziwa Victoria upande wetu huu 1858, Bujora kuna makumbusho ya Wasukuma, Saanane ni hifadhi ya taifa na iko hapo hapo mjini. Badala ya "jadili ujio wa wapelelezi" mwanafunzi atengeneze ziara ya nusu siku, apate watu wa kuilipia.

Kuna watakaosema chuo sio gulio. Nakubali nusu, sitaki lekchara wa fasihi aanze kuuliza shairi linaingiza shilingi ngapi. Lakini wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wanalala mchana, na zahanati inafungua mchana. Mwanafunzi wa uuguzi akipanga namna ya kuwafikia hawa watu kwa saa zao, huyo kwangu ni mjasiriamali hata kama hajauza kitu.

Ugumu uko kwa walimu. Lekchara anapandishwa cheo kwa machapisho, nani atampa pointi kwa kupeleka wanafunzi mwaloni alfajiri mitumbwi ikirudi? Tena wengine hawajawahi kuuza hata karanga, wametoka darasani wakaingia darasani. Na mtaala mpya mpaka upite TCU, ile tume ya vyuo vikuu, muda unaenda.

Ndio maana ningeanzia kwenye kosiweki, yaani zile kazi za kabla ya mtihani wa mwisho, ile iko mikononi mwa mwalimu. Asaimenti moja kwa semista, sharti moja, awepo mtu wa nje ya chuo aliyeitumia kazi yako. Kusahihisha ndio kutakuwa na kazi, maana mwanafunzi mzuri anaweza akajaribu kweli akakwama, na mwingine akampigia shangazi yake aje aseme kaitumia. Mimi ningetoa alama nyingi kwa anayeeleza vizuri kwa nini kakwama kuliko kwa aliyeuza, na mashangazi wasihesabiwe.